Kihatarishi ni nini hasa? Kutoka namba ya presha hadi kiharusi

Machi 1944 daktari wa moyo Howard Bruenn alimpima Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani, akakuta presha ya 186 kwa 108. Moyo ulikuwa umetanuka na ulionyesha dalili za kushindwa kazi. Akamwandikia dawa ya kuutia moyo nguvu, akamwambia apunguze chumvi na apumzike. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa Warm Springs, Georgia, Roosevelt alilalamika kuumwa kichwa vikali, akapoteza fahamu, na presha ikapimwa ikiwa 300 kwa 190. Alifariki mchana huohuo kwa kiharusi cha damu kuvuja kwenye ubongo.

Anayesoma namba hizo leo hujiuliza walikuwa wanangoja nini. Lakini kwa elimu ya siku zile hazikuwa kashfa. Madaktari wengi waliamini kwamba mishipa inapokakamaa uzeeni, mwili hupandisha presha kwa makusudi ili damu iendelee kufika panapotakiwa. Mwaka 1931 daktari wa Uingereza John Hay alifika hata kuandika kwamba hatari kubwa inayomkabili mwenye presha ya juu ni presha hiyo kugunduliwa, maana hapo hatakosekana mjinga atakayejaribu kuishusha. Tusimcheke sana. Dawa salama za kuishusha hazikuwepo, na hakuna aliyekuwa amekaa chini kuhesabu.

Kuhesabu ndiko kulikokuja kugeuza mambo. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham, Massachusetts, watafiti waliandikisha wanaume na wanawake 5,209 ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Wakawapima presha, lehemu (yaani kolesteroli ya kwenye damu), uzito na umeme wa moyo, wakawauliza kama wanavuta sigara, kisha wakawarudisha nyumbani. Kila baada ya miaka miwili waliwaita tena, wakapima upya, wakaandika nani kapatwa na nini. Hakukuwa na tiba mpya iliyokuwa ikijaribiwa. Utafiti wenyewe ulikuwa ni kungoja. Mwaka 1961 William Kannel na wenzake walichapisha walichokiona baada ya miaka sita ya ufuatiliaji, na neno walilolitumia ndilo tunalolisikia kila kliniki hadi leo: vihatarishi.

Neno hilo linasema machache kuliko tunavyolisikia. Kihatarishi ni kitu ambacho, ukiwagawa watu wengi kwa kukitazama, kundi lenye nacho litaugua mara nyingi kuliko kundi lisilo nacho. Basi. Halijasema kwamba kitu hicho ndicho kinacholeta ugonjwa, wala halijataja nani katika kundi ataugua. Ubishi mwingi unaotokea watu wakizungumzia presha, lehemu au sukari hutokana na kuruka moja ya ngazi hizo mbili bila kujua.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana hata kabla ya kufika kwenye ugonjwa mambo huanza kwenda kombo hapo. Utaratibu wa kupima presha unataka mtu akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunja nne, mkono umelazwa usawa wa moyo, mkanda umefungwa juu ya ngozi na si juu ya shati, na asizungumze. Sasa mfikirie aliyepanda ngazi mbio kwa kuchelewa, kibofu kimejaa, mkono unaning'inia, na nesi anamuuliza habari za nyumbani huku mashine ikijaza upepo. Namba itakayotoka ni ya kweli kwa dakika ile, ila si presha yake ya kila siku.

Mtu angedhani kipimo kinachoyumba namna hii kitaikuza hatari kupita kiasi. Kumbe huififisha. Ukimpima kila mtu mara moja tu, kundi utakaloliita la presha ya juu litakuwa na baadhi ya watu wa kawaida waliokutwa siku mbaya, na kundi la presha ya chini litakuwa na wenye presha waliokutwa siku njema. Makundi yamechanganyika, na tofauti ya maradhi kati yao inapungua. Mwaka 1990 watafiti waliounganisha tafiti kadhaa kubwa walirekebisha kosa hilo, wakitumia vipimo vya kurudia vya Framingham. Uhusiano wa presha na kiharusi na ugonjwa wa moyo ukatoka mkali zaidi kwa takriban asilimia 60. Kwa miaka mingi presha ilikuwa imeshitakiwa kwa makosa machache kuliko iliyotenda.

Kuhusu mstari wa 140 kwa 90, ambao wengi huuona kama mpaka wa nchi, upande huu salama na ule hatari: maumbile hayajauchora. Mwaka 2002 zilichapishwa takwimu za watu wazima wapatao milioni moja kutoka tafiti 61. Katika umri wa miaka 40 hadi 69, kila namba ya juu ya presha, ile inayotajwa kwanza, ilipoongezeka kwa 20, hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa ateri za moyo ilikuwa kama mara mbili, na mwendo huo ulianzia chini kabisa, kwenye 115 kwa 75. Hakuna mahali palipoonekana ngazi wala kizingiti, ni mteremko mtupu. Mstari wamechora madaktari, kwa sababu dawa lazima ianzie mahali fulani. Ndiyo maana Novemba 2017 vyama vya moyo vya Marekani viliposhusha mpaka hadi 130 kwa 80, karibu nusu ya watu wazima wa nchi hiyo waliamka wakiwa na presha, ingawa hakuna mshipa hata mmoja uliobadilika usiku ule.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe maradhi yenyewe, kwa sababu kuyataja pamoja ni mazoea yanayoficha mengi. Mshtuko wa moyo kwa kawaida hutokea pale utando wa mafuta uliojengeka ndani ya ateri ya moyo unapopasuka, damu ikaganda juu yake na kuziba njia. Kiharusi kina sura mbili. Cha kwanza ni cha kuziba, na donge linaloziba huweza kujitengeneza palepale kwenye ubongo au kusafiri kutoka mbali, hasa kutoka kwenye moyo unaopiga bila mpangilio. Framingham ilionyesha kwamba kasoro hiyo ya mapigo huongeza hatari ya kiharusi kama mara tano. Cha pili ni cha kuvuja, mshipa unapopasuka ndani ya kichwa. Presha inahusika na yote, na kwa viharusi vya kuvuja ndiyo kinara. Lehemu ni habari nyingine: kwenye moyo ushahidi dhidi yake ni mzito, kwenye kiharusi cha kuziba ni wa wastani, na kwenye cha kuvuja uhusiano huo haupo au hata unageuka. Utafiti unaoandika "kiharusi" bila kusema cha namna gani unachanganya mashtaka ya watuhumiwa wawili katika faili moja.

Sasa ngazi ya kwanza ya zile mbili: je, kihatarishi ndicho kinacholeta ugonjwa, au kinatembea tu na kinacholeta?

Hakuna mfano unaouma kama wa homoni. Kwa miaka mingi tafiti za ufuatiliaji ziliona kwamba wanawake waliotumia vidonge vya homoni baada ya ukomo wa hedhi walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko wenzao. Maelezo yakaonekana wazi, maana wanawake hupata mshtuko wa moyo wakiwa na umri mkubwa kuliko wanaume, na homoni ndizo zilizofikiriwa kuwalinda. Madaktari wakaandika vidonge kwa mamilioni ya wanawake. Kisha likafanyika jaribio la kura nchini Marekani. Wanawake 16,608 waligawanywa kwa bahati, nusu homoni mbili kwa pamoja, nusu kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2002 lilisimamishwa kabla ya muda wake. Kwa kila wanawake 10,000 katika mwaka mmoja, kundi la homoni lilikuwa na matukio saba zaidi ya ugonjwa wa moyo na viharusi vinane zaidi.

Ilikuwaje tafiti kubwa, zilizofanywa na watu makini, zikaona kinyume? Tazama nani alikuwa anameza homoni. Kwa jumla walikuwa wanawake wenye kipato na elimu zaidi, wasiovuta sana sigara, wanaokwenda kwa daktari hata wasipoumwa. Mioyo yao ilikuwa na nafuu kabla ya kidonge cha kwanza. Watafiti walijaribu kuondoa tofauti hizo kwa hesabu, lakini hesabu huondoa kile tu ulichokipima. Kura huondoa hata usichokijua, kwa sababu sarafu haiulizi nani ana shahada. Mjadala wa umri wa kuanza homoni unaendelea, na una hoja zake, ila kuzipendekeza kama kinga ya moyo kuliishia hapo.

Lehemu nayo imetupa somo la namna hiyo, tena mara mbili kwa pande tofauti. Sote tumeshasikia kuna lehemu mbaya na lehemu nzuri. Ile nzuri ilipata jina lake kihalali: waliokuwa nayo nyingi walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa nadra, utafiti baada ya utafiti. Basi ikatengenezwa dawa ya kuipandisha, torcetrapib, na ikaipandisha kwelikweli, kwa asilimia 72. Desemba 2006 jaribio la watu zaidi ya 15,000 likavunjwa ghafla kwa sababu waliokuwa wanaimeza walikuwa wanakufa zaidi. Dawa ile ilikuwa na ubaya wake wa pembeni, ikiwemo kupandisha presha, kwa hiyo lehemu yenyewe isingehukumiwa kwa hilo peke yake. Lakini dawa nyingine za kuipandisha hazikuleta faida iliyotarajiwa, na mwaka 2012 watafiti walipochunguza watu waliozaliwa na jeni inayowapa lehemu nzuri nyingi kidogo, hawakukuta ahueni yoyote ya mshtuko wa moyo. Kwa hiyo lehemu nzuri ni ishara inayosaidia kukisia. Ukiisukuma juu, ugonjwa hausogei nayo. Mimi bado hushtuka nikisikia mtu anapongezwa kwa kuwa nayo nyingi kana kwamba amewekewa bima.

Lehemu mbaya ilipopita kwenye tanuri hilohilo ilitoka na hatia. Mwaka 2006 Jonathan Cohen, Helen Hobbs na wenzao walitazama Wamarekani weusi waliokuwa wakifuatiliwa kwa miaka 15 hivi. Asilimia 2.6 kati yao walizaliwa na jeni ya PCSK9 yenye hitilafu, na hitilafu hiyo iliwapa lehemu mbaya pungufu kwa asilimia 28. Ugonjwa wa moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Uzuri wa ushahidi wa aina hii ni kwamba jeni hugawiwa mtu anapotungwa mimba, kabla hajawa tajiri au maskini, mvutaji au mkimbiaji. Ni kura iliyopigwa na maumbile.

Kura hiyohiyo imetumika kwenye pombe. Katika tafiti za kawaida wanywaji wa kiasi walionekana kupata kiharusi kidogo kuliko wasiokunywa kabisa, na habari hiyo ilisambaa haraka, kama zisambaavyo habari ambazo watu wangependa ziwe kweli. Tatizo ni kwamba miongoni mwa wasiokunywa wamo walioacha kwa sababu tayari ni wagonjwa. Mwaka 2019 utafiti wa China uliofuatilia watu zaidi ya 500,000 ulitumia jeni zinazofanya baadhi ya watu wa Asia ya Mashariki washindwe kuvumilia pombe, hivyo kunywa kidogo bila kujali afya zao. Kinga ile ikayeyuka. Kadiri jeni zilivyoelekeza watu kunywa zaidi, viharusi viliongezeka tangu mwanzo wa mstari.

Ngazi ya pili, ile ya nani katika kundi ataugua, ni ngumu zaidi kwa sababu haihitaji sayansi mpya, inahitaji kusoma asilimia bila haraka.

Mwaka 2015 jaribio lililoitwa SPRINT lilichapishwa. Watu 9,361 wenye presha na wenye hatari kubwa kuliko wastani waligawanywa kwa kura: kundi moja namba ya juu ya presha ilengwe kuwa chini ya 140, jingine chini ya 120. Kichwa cha habari kilisema hatari imepungua kwa asilimia 25. Sasa wachukue watu 1,000 wa kila upande. Katika muda wa zaidi kidogo ya miaka mitatu, upande wa matibabu ya kawaida waliopatwa na tukio kubwa la moyo au mishipa walikuwa 68. Upande wa matibabu makali walikuwa 52. Wameokolewa 16. Wengine 52 walipatwa hata hivyo, na 932 wasingepatwa kwa vyovyote katika muda ule, ila walimeza dawa za ziada na baadhi yao walipata presha kushuka mno, kuzimia, au figo kuyumba. Robo na 16 kwa 1,000 ni matokeo yaleyale. Anayekutajia moja akaificha nyingine hajakudanganya, ila amekuchagulia cha kuhisi.

Na muda una uzito wake. Nilisema waliozaliwa na hitilafu ya PCSK9 walipata ugonjwa pungufu kwa asilimia 88. Zilipokuja dawa za kuiga hitilafu hiyo, jaribio la watu 27,564 lililochapishwa mwaka 2017 lilishusha lehemu mbaya kwa asilimia 59, yaani mara mbili ya jeni ile, lakini matukio yalipungua kwa asilimia 15. Jeni ilikuwa imefanya kazi tangu tumboni. Dawa ilifanya kazi miaka miwili na kitu, kwa watu ambao ateri zao zilishaharibika.

Halafu kuna asilimia zinazozidi mia. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliolinganisha wagonjwa wa mshtuko wa kwanza wa moyo na wenzao wazima katika nchi 52, ulieleza kwamba vihatarishi tisa, vikiwemo sigara, lehemu, presha, kisukari, kitambi na msongo wa mawazo, vinabeba takriban asilimia 90 ya hatari ya mshtuko huo duniani. Ukijumlisha fungu la kila kimoja peke yake unapita mia, na watu hudhani watafiti wamekosea. Hawajakosea. Fikiria mlango wenye kufuli mbili, na mwizi haingii mpaka zote ziwe wazi. Usiku mmoja zote zimesahauliwa, mwizi kaingia. Lawama ya kufuli ya kwanza ni kiasi gani? Yote, maana ingefungwa asingeingia. Na ya pili? Yote pia. Mgonjwa mmoja aliyekuwa mvutaji na mwenye presha huhesabiwa kwenye mafungu yote mawili. Na ile 90 haina maana kwamba asilimia 90 ya ugonjwa wa mtu fulani ni kosa lake. Ni makadirio ya matukio ambayo yasingetokea katika umma mzima kama vihatarishi hivyo visingekuwepo, na ikiwa kweli vyote ni visababishi.

Geoffrey Rose, mtafiti wa Uingereza, ndiye aliyeonyesha mwaka 1985 jambo linalowakera hata madaktari. Nitatumia mji wa kufikirika wa watu 10,000. Watu 500 wana hatari kubwa: 10 kati ya kila 100 watapatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo katika miaka kumi. Waliobaki 9,500 wana hatari ndogo, wawili kwa kila 100. Fanya hesabu. Kundi la hatari kubwa litatoa wagonjwa 50. Kundi la hatari ndogo litatoa 190. Ukiwatibu kikamilifu wale 500 tu, wodi bado itajaa, na wengi watakaolazwa watakuwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaonya. Kwa hiyo hatua inayosogeza namba ya kila mtu kidogo, kama kupunguza chumvi kwenye vyakula vya viwandani, inaweza kuokoa wengi kuliko kliniki maalumu. Lakini ukimwuliza mmojammoja amepata nini, karibu wote watajibu hawajaona kitu, na watakuwa wanasema kweli.

Kikokotoo cha hatari ambacho daktari hufungua kwenye simu yake kimejengwa juu ya mambo yote haya. Anaingiza umri, jinsia, presha, lehemu, sigara, kisukari, na kinatoa namba, tuseme asilimia 12 katika miaka kumi. Maana yake ni kwamba katika watu 100 wenye majibu kama yako, takriban 12 walipatwa. Umri ndio unaobeba sehemu kubwa ya namba hiyo, na ndio maana kijana mvutaji mwenye presha huonekana salama kwenye karatasi kuliko mzee asiye na kosa lolote. Lakini watu 100 hao ni akina nani? Wa Framingham karibu wote walikuwa weupe, wa mji mmoja, wa zama moja. Fomula yao ilipopelekwa kwa wanaume wa Uingereza na kwa watu wa China ilitabiri mishtuko mingi kuliko iliyotokea. Mpangilio wa nani ana hatari kuliko nani ulikaa vizuri, ila kiwango kilikuwa cha mahali pengine, kama saa inayotembea sawasawa lakini imewekwa kwa majira ya nchi nyingine. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali yaliyorekebishwa kwa kanda 21, kila moja na viwango vyake vya maradhi. Daktari akikutajia asilimia yako, swali la kwanza la kumwuliza ni imetoka kwenye jedwali la watu wa wapi.